Mwanangu Doto, acheni wimbo ucheke

Marahaba, mwanangu. Salamu zako nimezipata, na ile albamu ya Wakorea uliyonitumia nimeisikiliza siku tatu, nikipepeta dagaa na nikiwa kwenye daladala. Umeniuliza hivi: prodyuza wenu anasema nyimbo zako na Kulwa zinachekacheka mno, hazina uzito, nusu yake ziwe za majonzi. Je, mumsikilize?

Simfahamu, nisimseme vibaya. Ila hapa kakosea.

Nianze na hao Wakorea wako, AKMU. Kikorea sijui hata neno la kuombea maji, lakini mguu wangu ulikuwa unagonga sakafu. Uliniambia kaka ni Lee Chan-hyuk na mdogo wake wa kike ni Lee Su-hyun, kwamba wazazi wao walikuwa wamisionari Mongolia, watoto wakisomea nyumbani. Mwaka 2013 wakashinda mashindano ya kuimba ya televisheni, na Aprili 2014 wakatoa hiyo albamu, Play: nyimbo 11, zote kaka kaziandika. Alikuwa na miaka 17, dada 14. Wewe kwa miaka 14 ulinipigia simu ukilia kwamba umepoteza ufunguo wa sanduku la bweni.

Nilichokipenda ni udogo wa mambo wanayoyaimba. Kwenye yale mashindano waliimba wimbo mzima wa kumkataza mtu asikunje nne! Mtu anayetafuta uzito asingethubutu. Halafu katikati ya vicheko vya Play unakutana na Melted, ule wa barafu, unaouliza kwa nini watu wazima wana baridi namna ile. Uliponitafsiria maneno yake nilibaki nimeshika ungo, dagaa zinanitazama. Ungewekwa kwenye albamu ya vilio ungepita kama kilio kingine. Umechoma kwa sababu nilikuwa natabasamu ulipofika.

Kwa hiyo kama Kulwa anao wimbo wa huzuni wa kweli, na najua anao, ule wa marehemu baba yenu, uwekeni. Huo mmoja. Nusu albamu itakuwa kukodi waliaji.

Na hilo la kwamba furaha ni nyepesi, prodyuza kalitoa wapi? Babu yenu alilima kwa bugobogobo, ngoma yetu Wasukuma ya majembe. Ngoma inalia shambani, majembe yanarushwa juu yanadakwa, mstari unasonga. Hawakuwa wamestarehe wale. Jua la saa sita liko utosini, shamba halijafika nusu, na wimbo ndio unaoinua jembe. Nyimbo zenyewe zilikuwa na maneno makali, mtu anasemwa huku anacheka na kulima. Nenda Bujora wakati wa Bulabo, sikukuu yetu ya ngoma: makundi mawili hasimu, Wagika na Wagalu, yanacheza uwanja mmoja, saa ileile, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Nimesimama pale tangu sijaolewa. Sijaona watu wakikimbilia upande ulionuna.

Mimi kinachoninyima usingizi ni kingine, ingawa hukuniuliza. Ninyi wawili mnagombana. Mlianza mkiwa na miaka saba, mnageuza dagaa kwenye chanja, mnaimba, kisha mmoja anamrushia mwenzake ndoo kwa sababu ya nani ashike sauti ya juu. Mkipatana hakuna wa kuwatenganisha. Mlijifunza kusema kitanda kimoja, mnafungua mdomo sawa, mnavuta pumzi pamoja, hata mimi kwenye simu mnanichanganya. Baba yenu alikuwa na kanda ya Everly Brothers, Don na Phil wa Marekani, sauti mbili huwezi kupitisha wembe katikati. Basi Julai 1973 Phil alivunja gitaa jukwaani akaondoka, na ikapita miaka kumi ndipo wakaimba tena pamoja, London. Miaka kumi, Doto!

Hao Wakorea nao walitengana, lakini kwa lazima ya jeshi. Kaka aliingia kikosi cha wanamaji 2017, akatoka 2019, na mwaka uleule wakaja na albamu ya Sailing. Nikikuambia umsubiri Kulwa miaka miwili, hata miezi miwili huwezi.

Kwa hiyo andikeni mapema. Kila wimbo, nani katunga maneno, nani kaweka muziki, hela inagawanywaje. Pelekeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla wimbo haujaanza kuchezwa kwenye bodaboda. Kulwa ndiye mtunzi, sawa, lakini ule mlio wa "heee" kwenye wimbo wa kivuko ni wako, nilikuwepo ulipoutoa. Usione haya kuusemea. Na huyo prodyuza naye awekwe kwenye karatasi, maana anayetaka kubadili nusu ya albamu kesho atataka nusu ya jina.

Wimbo wa kivuko msiuguse. Yule mama anayemgombeza kuku wake katikati ya ziwa nimemcheka mpaka jirani akaja kuuliza.

Mbalamwezi inakwisha wiki hii, mitumbwi itaanza kutoka tena usiku, na mimi alfajiri nitakuwa Mwaloni, soko la samaki. Usinipigie kabla ya saa nne, sitasikia kwa kelele za wachuuzi. Kulwa mwambie atume ule wa baba yake, hata kama haujaisha.

Mama yenu
Kirumba, Mwanza