Ramani inasema patupu, kijijini kuna makaburi

Umeuliza kwa nini laini ya umeme inapita patupu kwenye ramani, halafu wapimaji wakifika wanakuta makaburi. Kwanza kagua datamu, yaani msingi wa vipimo ambao ramani inahesabia mahali. Ramani nyingi za zamani za Tanzania ziko kwenye datamu ya Arc 1960, GPS inatoa nyingine, WGS 84. Ukizichanganya bila kubadilisha, kila kitu kinahama takriban mita 300, mara kadhaa ya upana wa mkuza wenyewe, yaani ukanda wa ardhi wa laini. Angalia na zoni ya UTM, yaani kanda ya ramani ya kuandikia majira ya mahali: Arusha na Moshi ni 37 Kusini, Singida ni 36.

Lakini mengi hayajawahi kuchorwa kabisa. Uchagani mtu huzikwa kihambani kwake, yaani kwenye shamba la ukoo, chini ya migomba, setilaiti haioni kitu. Mifongo, mifereji yao ya asili ya maji, nayo hivyo hivyo. Umasaini, mti wa oreteti, ambao ni mtakatifu kwao, unaonekana mti tu. Tembeeni na wazee na mwenyekiti wa kitongoji kabla ya kupanga minara ya kona, pale laini inapogeuka, kwa sababu mnara wa kona ukisogea, vipande viwili vya laini vinahama nao. Mnara wa katikati unasogezwa kwenye mstari ule ule, basi.

Na tafadhali, mahali pa tambiko msiweke nukta kamili kwenye faili linalosambazwa. Choreni eneo pana, andikeni "usipite".