Tulikwenda likizo nchi ya watu kwa pesa za viazi karai

Juzi usiku, nimeshafunga biashara na karai nimeligeuza, nilikuta ujumbe wa dada mmoja wa Likoni, hapa hapa Mombasa. Aliziona picha zetu za Lushoto, Tanzania, watoto wamejikunyata ndani ya masweta na nyuma yao milima imejaa ukungu. Akaniandikia: "Dada yangu, usinifiche. Shemeji aendesha tuktuk, wewe wauza viazi karai. Hizo pesa mlizitoa wapi? Mimi nina watatu na hawajafika hata Mtwapa."

Swali hilo nimeulizwa na watu wa damu yangu kwa maneno mabaya zaidi. Yeye ameuliza kwa heshima, basi nitamjibu kwa kirefu. Najua mko wengi mnaolitaka jibu hilo, ila mwaona haya.

Nianze na chanzo. Mume wangu hubeba wageni, akiwatoa mjini akiwapeleka Fort Jesus na Mji wa Kale. Jumapili moja mwaka 2022 alituchukua sote tukapunge upepo pale nje ya ngome. Basi moja likashusha watalii, wazee kwa watoto, wamevaa kofia pana, wanacheka. Mwanangu wa kati, wakati huo ana miaka sita, akaniuliza, "Mama, hawa ni nani?" Nikamwambia ni wageni. "Wamekuja kufanya nini?" Kupumzika na kutembea, nikamjibu. Alinyamaza, akamaliza kachri zake, halafu akasema, "Na sisi tutakuwa wageni lini?"

Sikuwa na jibu. Mji wetu huu unakula kwa wageni. Sisi ndio tunaowabeba, tunawapikia, tunawatandikia vitanda, tunawauzia vinyago na leso. Watoto wetu wanakua wakitazama familia za watu zikipumzika, na pole pole wanaamini kwamba kupumzika ni kwa watu wa aina nyingine. Usiku ule sikulala vizuri, na neno lile halikunitoka tena.

Sasa nitoe donda langu. Mwaka 2023 nililiwa pesa. Kulikuwa na wakala mmoja mjini, ofisi ina zulia na picha kubwa ya ndege ukutani, akatuambia tunaweza kwenda Dubai familia nzima kwa kulipa mdogo mdogo. Nilimpelekea arubuni, kisha kila mwezi nikamtumia kidogo. Binti yangu, kifungua mimba, alichora kalenda kwa kalamu ya rangi akaibandika nyuma ya mlango, kila asubuhi anakata siku moja. Shilingi 24,000 zilipotimia simu ikazimwa. Nilikwenda ofisini nikakuta mlango umefungwa kwa kufuli, na wanawake wawili wengine wamekaa kwenye ngazi wanalia. Niliporudi nyumbani binti hakuniuliza kitu. Alikwenda mwenyewe akaibandua ile kalenda, akaikunja, akaiweka kwenye begi lake la shule. Pesa nimezisamehe. Ile kalenda bado inaniuma.

Nawaambia haya ili msikie vizuri: kosa langu la kwanza lilikuwa Dubai yenyewe. Sisi tukisikia "nchi za nje" tunawaza ndege na maghorofa. Wewe dada wa Likoni, wenzako wa kisiwani tunaanza safari kwa kuvuka kivuko, wewe umeshavuka! Kutoka hapo ulipo mpaka Lunga Lunga ni kama kilomita 100, na ukivuka Horohoro uko Tanzania. Hiyo ni nchi ya nje, ina bendera yake na pesa yake, na Mkenya haombi viza. Mbuga zao mtu wa Afrika Mashariki halipi kwa dola, hulipa kwa shilingi kama wenyeji. Na utapatana bei kwa lugha uliyonyonya nayo. Nitajie nchi nyingine ambayo mtoto wako wa darasa la tatu atashuka kwenye basi na kuuliza njia mwenyewe.

Pesa zilitoka kwenye kibubu. Septemba 2024 nilimwambia fundi seremala anitengenezee kimoja cha mbao, kisicho na mlango wala bawaba, mdomo wake unapita noti iliyokunjwa tu. Tukakiweka juu ya kabati. Kila siku ya kazi mimi natia mia, baba watoto anatia hamsini. Hiyo ndiyo siri yote. Miaka yote nilikuwa nikisema nitaweka akiba "nikipata", na mchuuzi hapati, mchuuzi hugeuza tu. Unga wa dengu ukipanda, faida inakwenda. Mafuta yakipanda, inakwenda tena. Kwa hiyo ile mia niliihesabu kama bei ya mafuta: sikuuliza kama imebaki, niliitoa kwanza asubuhi kabla ya kuwasha jiko.

Jambo jingine, pesa za likizo zisichanganyike na pesa za shida. Niko kwenye mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu na wanawake wenzangu wa mtaani, na zamu yangu ikifika zile ni za karo na kodi. Mwezi wa Ramadhani mavyaa wangu aliugua na tukashinda hospitali siku tatu. Baba watoto alisimama mbele ya kabati usiku, nyundo mkononi. Hakusema kitu, na mimi sikumzuia, kwa sababu mama ni mama. Lakini asubuhi yake niliwaendea wenzangu wa mchezo, mmoja akakubali tubadilishane zamu, na kibubu kikabaki salama. Kama nisingekuwa na mchezo, kibubu kingepasuliwa siku ile, na ingekuwa haki kupasuliwa.

Binti naye hakutaka kukaa kando. Alikuwa akigandisha barafu za ukwaju kwenye friji la jirani akiwauzia watoto wa mtaa, na miezi yote ile alichanga shilingi 2,400. Mwisho wa Julai tuliketi wote sakafuni tukakivunja. Noti zilikuwa zimekunjwa mpaka zimekuwa kama sambusa, tukazinyoosha moja moja kwa kiganja. Tulihesabu 38,650. Pamoja na za binti, 41,050.

Karatasi. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tafadhali anzeni mapema. Pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,500, na sisi tuko watano, maana yake pesa zote za kibubu zingeishia kwenye vitabu vitano. Tuliomba hati ya muda ya kusafiria Afrika Mashariki, ambayo ni shilingi mia chache kwa mtu. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto niliviweka pamoja. Halafu kuna kadi ya homa ya manjano, ambayo mpakani huulizwa. Chanjo tulichoma mmoja baada ya mwingine, mtu mmoja kwa mwezi, kwa sababu wote kwa mpigo tusingeweza. Tangu 2016 kadi ile ni ya maisha, hurudii tena. Karatasi kwanza, dada. Usikate tiketi, usiwaambie watoto siku ya safari, mpaka karatasi zote ziko kwenye bahasha moja.

Tulichagua Agosti. Watoto wetu wako likizo, lakini shule za Tanzania likizo zao kubwa ni Juni na Desemba, kwa hiyo gesti zina nafasi na mwenye gesti anakusikiliza ukiomba apunguze. Vyumba viwili tulilipa shilingi 40,000 za kwao kwa usiku pale Tanga na 44,000 kule Lushoto. Siku ile tulibadilisha shilingi yetu moja kwa kumi na tisa zao. Wabadilisha pesa watakukimbilia mpakani. Zihesabu wewe mwenyewe, tena mara mbili, ndipo utoe zako.

Siku ya kwanza nilibeba chakula cha nyumbani, mahamri, kuku wa kukaanga na chupa ya chai, tukala njiani. Tanga tulikaa siku mbili. Tulikwenda mapango ya Amboni, ni kilomita chache tu kutoka mjini. Mwongozaji anatangulia na tochi, popo wanapita juu ya kichwa, na akatusimulia habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, waliojificha mle wakisakwa na polisi wa mkoloni miaka ya 1950. Wanangu walimsikiliza bila kupepesa macho. Jioni ilikuwa chipsi mayai, na mwanangu wa kati akagundua kwamba kule hakuna mtu anayesema "nipe". Kila mtu anasema "naomba". Mpaka leo hapa nyumbani ananiambia, "Mama, naomba chai," na moyo wangu unayeyuka.

Kisha tukapanda basi, tukapita mashamba ya mkonge na machungwa ya Muheza, tukafika Mombo, na kutoka Mombo barabara inaanza kupanda. Nimezaliwa kisiwani, sijawahi kuona barabara inajikunja namna ile, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Kitinda mimba alinishika mkono kutoka chini mpaka juu.

Baridi ya Lushoto mwezi wa Agosti hatukuijua. Usiku ule tulilala na nguo zote tulizokuwa nazo, na asubuhi tulikimbilia sokoni kununua masweta ya mitumba. Tulipotoka tu mlangoni kitinda mimba akapumua, akaona moshi unatoka kinywani mwake. Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Akautoa mkono mmoja polepole, akapumua tena. "Mama, ndani yangu kuna moto?" Nikampulizia wa kwangu, baba yake akapuliza, tukasimama pale uani watu wazima na watoto tunapuliza moshi. Mama mwenye gesti alitoka na birika la maziwa akatukuta hivyo. Akasema, "Wageni wangu hawa, karibuni chai." Mwanangu wa kati akanigeukia. Hakusema neno, alinitazama tu, nami nilijua anakumbuka nini. Niliingia ndani nikajifuta machozi kwa leso.

Irente tulikwenda kwa miguu, ukisimama pale ukingoni unaziona nyumba za kijiji cha Mazinde ziko chini kabisa kama vipande vya biskuti. Matunda damu tulikula mpaka tukachoka.

Hesabu, kwa wanaotaka: usafiri wote kwenda na kurudi 15,600. Malazi ya usiku tano 11,100. Chakula 9,200. Mwongozaji, viingilio na masweta 2,200. Hati na picha zake 2,000. Jumla 40,100, bila chanjo, ambazo tulishazilipa nyuma. Tulirudi na 950 mfukoni.

Wiki mbili baadaye tulikuwa arusini Kisauni. Mtu wa familia yangu, mtu niliyemlelea wanawe, akasema kwa sauti ili wote wasikie: "Maskini akipata, matako hulia mbwata." Wanawake wakacheka. Nikaendelea kupakua biriani. Lakini leo namjibu, na nawajibu wote wanaofikiri kama yeye. Pesa zile hatukuzichukua kwa mtu. Karo imelipwa, kodi imelipwa, mavyaa amepata dawa. Arusi moja ya siku tatu tunashona sare, tunanunua dhahabu ya kuazimana, tunakopa mchele, na hakuna anayetuambia tuna makuu. Mbona kumpeleka mtoto akaone mlima ndiyo iwe dhambi?

Wazazi wenzangu, sikilizeni. Mtoto wa mchuuzi ana macho kama mtoto wa bwana mkubwa. Msimwambie "sisi si watu wa hivyo". Mkimwambia hivyo ana miaka sita, akifika ishirini hamtahitaji kumwambia tena, atajiambia mwenyewe, na hapo hamwezi kumtoa. Nunueni kibubu. Tieni hamsini kama mia haiwezekani, tieni ishirini. Ikichukua miaka miwili, ichukue. Na baba wa nyumba atie, hata kama ni kidogo, maana kibubu cha mama peke yake huvunjwa upesi. Na asitokee mtu wa ofisi yenye zulia akawaambia mumpe yeye awawekee. Pesa zikae juu ya kabati lenu.

Dada wa Likoni, umeniuliza pia kama watoto wadogo hawasumbui njiani. Wanasumbua. Kitinda mimba alitapika mara mbili kwenye kona za Mombo. Beba ndimu na kitambaa, na umkalishe dirishani.

Kibubu kipya kimekaa juu ya kabati tangu Septemba. Binti anataka Zanzibar, baba yao anaitaja Kampala kila siku, na wa kati anasema turudi kwa yule mama wa maziwa. Bado hatujakubaliana. Leo asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, nimetia mia.