Barua kwa mwanangu: Umoja wetu umesimama juu ya nini

Machame, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mama yako naye asikie. Unasema hapo hospitalini mlizoea kukutana kila Jumatano asubuhi kabla ya zamu, Mkatoliki, Mlutheri, Mwanglikana, Mlokole, mnaomba robo saa kisha kila mtu anakwenda wodini kwake. Halafu mwenzenu mmoja akasema aliyebatizwa mchanga hajabatizwa, amenyunyiziwa maji tu. Mwingine akamjibu kwa ukali. Sasa mmekuwa makundi mawili, kila moja na kona yake ya korido. Na yule mama wa Kiislamu anayemuuguza mwanawe akakuuliza, "Kwani mmegombana?" ukakosa la kumjibu. Ndipo unaniuliza: "Baba, umoja wa Wakristo umesimama juu ya nini hasa? Na hata tukiupata, ni wa kazi gani? Si bora kila mtu asali kwao?"

Nianze na hilo neno lako "tukiupata". Fungua Waefeso 4, mstari wa tatu. Paulo anasema tujitahidi "kuuhifadhi umoja wa Roho katika kifungo cha amani". Kuuhifadhi. Mtu huhifadhi kitu alichokwisha kupewa. Kisha anataja tulichopewa: mwili mmoja, Roho mmoja, tumaini moja, Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja, Mungu mmoja aliye Baba wa wote. Hakuna hata kimoja hapo kilichotungwa na kikao chetu. Tumekuwa ndugu kwa sababu Kristo alitufia sote na Roho wake anakaa ndani yetu, kama vile wewe na kaka zako mlivyo ndugu bila kuulizwa kama mnapatana. Mkinuniana mwaka mzima bado ni wanangu, ila nyumba yangu inaumia.

Tena angalia hayo madhehebu tunayoyabeba kwa ukali hivi. Mimi ni Mlutheri kwa nini? Kwa sababu mwaka 1893 wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walifika hapa Machame. Kwa kina mama yako, Kibosho, kwa jirani tu hapo, walifika mapadri. Babu zetu hawakukaa chini wakalinganisha katekisimu mbili, yaani vitabu viwili vya mafundisho. Walimpokea Yesu kwa mkono wa yule aliyewafikia, nasi tumekua tukidhani mpaka ule Mungu ndiye aliyeuchora. Sisemi mafundisho hayana uzito. Naipenda Katekisimu Ndogo niliyoikariri kabla ya Kipaimara, na nategemea kuzikwa Mlutheri. Ila najua ni nini nimerithi na ni nani ameniokoa.

Kuhusu ubatizo, mkumbuke mama yako. Alipoolewa akahamia usharika wetu, hakumwagiwa maji tena. Mchungaji aliuliza tu alibatizwa wapi, akaandika kitabuni. Yale maji ya Kibosho yalitosha, kwa sababu Jina lililotajwa juu yake ni lile lile. Mwenzako anayeamini ubatizo ni wa mtu mzima na wa maji mengi ana sababu zake kutoka katika Maandiko, na usizidharau. Mketi naye mkasome. Ila kumwambia mtu anayemwamini Kristo kwamba bado yuko nje, hilo ni jambo zito, na halisemwi kwa haraka dakika tano kabla ya zamu.

Sitakuficha kwamba umoja huu bado una kidonda. Bibi yako mzaa mama alipofariki, misa ya mazishi ilikuwa parokiani kwao. Ulikuwa mdogo. Ulipofika wakati wa komunyo watu walipanga mstari, shemeji zangu wote wakainuka, nami nikabaki peke yangu kwenye benchi na kofia mapajani. Kanuni naijua, kwamba asiye Mkatoliki hapokei komunyo kwao, na sikuja kuivunja kwenye jeneza la mama mkwe wangu. Lakini niliumia. Mama mmoja mzee akarudi kutoka altareni. Tangu alfajiri alikuwa jikoni akimenya ndizi za wafiwa, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Hakurudi mahali pake. Akaketi karibu nami, akafungua kitabu chao cha nyimbo, akaniwekea kidole kwenye mstari waliofikia. Nikaimba naye. Kila wimbo ulipogeuka, kidole kikahama. Mpaka leo nikisoma Paulo akituambia tukaribishane kama Kristo alivyotukaribisha, nakiona kile kidole.

Na wakubwa wetu hawajalala. Mwaka 1977 Walutheri wa dunia nzima walikutana Dar es Salaam, wakamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wao, Mwafrika wa kwanza, na katika mkutano huo wakazungumza umoja wa tofauti zilizopatanishwa, ambao haumtaki kila mtu afanane na mwenzake. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Ujerumani, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu mwanadamu kuhesabiwa haki kwa neema, jambo lile lile lililowatenganisha tangu siku za Luther. Meza ya Bwana bado hatuishiriki pamoja. Naomba uje uione siku hiyo, hata kama mimi sitaiona.

Sasa swali lako la pili, ambalo naona ndilo lililokusumbua zaidi: ni wa kazi gani?

Usiku ule kabla ya kukamatwa Yesu aliomba "wote wawe na umoja", akataja na sababu: "ili ulimwengu upate kusadiki ya kwamba wewe ndiwe uliyenituma." Hakuomba umoja ili sisi tujisikie vizuri tukiwa wengi. Aliomba kwa ajili ya anayetutazama kutoka nje.

Fikiria Buganda, ufalme ulioko Uganda ya leo. Mwaka 1879 mapadri wa Kikatoliki walifika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa huko, wakamkuta Mackay, mmisionari wa Kianglikana, ametangulia. Mbele ya Kabaka, katika ibada, Padri Lourdel, mmoja wa mapadri hao, alikataa kupiga magoti pamoja na Waprotestanti, ugomvi ukazuka pale pale barazani, kila upande ukiukana mwingine. Mutesa akitazama. Watu wametoka mbali kumletea habari ya Mungu mmoja, na hawawezi kuomba pamoja chini ya paa moja! Wala hakubatizwa mpaka alipofariki mwaka 1884.

Kisha mwanawe Mwanga, aliyemrithi, akaanza kuwaua vijana waliosadiki. Tarehe 3 Juni 1886, pale Namugongo, vijana wa Lourdel na vijana wa Mackay walichomwa moto pamoja. Hakuna aliyewatenga kwa dhehebu siku ile, na wao walikwenda wakiomba. Watu walioona namna walivyokufa walianza kuuliza habari za huyo Yesu, na Kanisa likakua Buganda kwa kasi kuliko wakati wowote wa mabishano ya barazani. Papa Paulo VI alipowatangaza kuwa watakatifu mashahidi 22 wa Kikatoliki waliouawa miaka ile, mwaka 1964, aliwataja na Waanglikana waliouawa kwa ajili ya jina lile lile. Leo Namugongo ina kanisa la Wakatoliki na mahali pa Waanglikana, kila mmoja kwake, lakini tarehe ni moja na mahujaji hupishana barabarani.

Kwa hiyo yule mama wa Kiislamu amekuuliza swali la Mutesa. Yeye hajui tofauti ya kunyunyiza na kuzamisha. Anawaona watu wanaosema Mungu ni upendo, na kati yao kuna korido.

Fanya hivi, mama. Jumatano usiende kwenye kundi lako. Nenda kwenye lile jingine, uketi, uombe nao. Usipeleke hoja ya ubatizo. Hiyo muitafutie jioni moja yenye chai na Biblia, kila mtu aseme anachoamini bila kumhukumu mwenzake. Wakikukataa, rudi Jumatano inayofuata. Na ukipata nafasi kwanza pita kwa yule mama, mwambie, "Ndiyo, tuligombana, na tumekosea," kisha umuulize mwanawe ameamkaje.

Mama yako anakusalimu. Anasema umwandikie jina la yule mtoto, tumwombee huku.

Baba yako