Granola bila nafaka, na kazi ya machicha ya nazi

Hesabu vinavyowekwa mezani saa moja asubuhi kwetu Tanga. Maandazi ni ngano, chapati ngano, boflo ngano. Vitumbua na mkate wa kumimina ni mchele. Uji ni mahindi au ulezi. Ukiviondoa vyote hivyo unabaki na mihogo na viazi vitamu, navyo ni wanga vilevile. Sikuwahi kuliwaza hilo mpaka siku mama yangu alipotoka kliniki na karatasi inayosema sukari yake imepanda, neno "wanga" limepigiwa mstari. Mchana na usiku tuliweza: ugali ukapungua, samaki na mchicha vikaongezeka. Asubuhi ndiyo iliyotushinda. Mama alikunywa chai ya rangi, akala yai la kuchemsha, kisha akabaki ameshika kikombe kama mtu anayengoja mgeni. Alitaka cha kutafuna.

Granola, ule mchanganyiko mkavu wa kutafuna asubuhi unaookwa kwa asali, niliijua kwa kuiona madukani. Nyingi ni oti, ile nafaka ya kigeni, na sukari, matunda ni ya kuhesabu. Nikajiuliza: korosho tunazo, karanga tunazo, ufuta, mbegu za maboga na nazi tunazo, hizo oti ni za nini? Huu ni mwaka wa tatu naipika, takriban mara mbili kwa mwezi, na haya ninayoyaandika nimeyajua kwa kuharibu trei kadhaa.

Niseme jambo moja mapema, kwa sababu najua wengi mtakaosoma mna mgonjwa wa sukari nyumbani. Bila nafaka si bila sukari. Asali ni sukari. Tende na zabibu kavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Na korosho zina mafuta mengi, gramu 100 zinabeba kilokalori 550 hivi. Hiki ni chakula cha kupima, na daktari wa mgonjwa wako ndiye wa kusema apewe kiasi gani. Mimi naandika kama mpishi.

Sasa tuje kwenye oti. Nilipoziacha ndipo nilipoelewa kazi yake. Oti hunywa asali na mafuta, kisha hushikana. Korosho na karanga hazinywi kitu. Trei yangu ya kwanza ilikuwa njugu tupu, yaani korosho na karanga, na asali yote iliteremka chini ikaungua na kugandia bati. Juu njugu zilikuwa kavu hazina ladha, chini kulikuwa na shira nyeusi chungu. Mara ya pili niliongeza asali nikidhani ilikuwa kidogo. Ikaungua zaidi.

Jibu lilikuwa kwenye bakuli la kuku. Nilikuwa nimekuna nazi kwa ajili ya mchuzi wa kamba, nimekamua tui zito na tui jepesi, na machicha yapo pembeni yanangoja kupelekwa bandani. Nikayashika, nikaona: hiki ndicho kitu kitakachoinywa asali yangu. Machicha ni membamba, yana harufu ya nazi ingali imo, na mafuta yake mengi yameshaingia kwenye tui. Yakikaushwa vizuri hufanya kazi ya oti kabisa, na kwa maoni yangu yanazipita kwa ladha.

Ila yakaushwe siku hiyohiyo. Machicha yakilala usiku mmoja kwenye joto letu yanachacha, na uchachu huo hautoki hata ukiweka mdalasini kiasi gani. Mimi huyakamua mara ya mwisho kwa nguvu ndani ya kitambaa safi, halafu nayatia kwenye kaango zito juu ya moto mdogo. Nageuza kwa mwiko bila kuondoka. Mwanzo yatatoa mvuke na kushikana kama unga mbichi. Endelea. Baada ya dakika kama 20 mvuke unakoma na utasikia sauti inabadilika, yanachakarika kama mchanga mkavu. Hapo epua. Usingoje yawe ya kahawia, kwa sababu bado yana safari ya pili ndani ya oveni. Kukiwa na jua kali namalizia kwa kuyatandaza kwenye sinia juani, nimefunika kwa chandarua kuzuia nzi. Nazi mbili za wastani hunipa vikombe viwili hivi vya machicha makavu.

Korosho nunua mbichi, zilizobanguliwa lakini hazijakaangwa. Zilizokaangwa na kutiwa chumvi ukizirudisha motoni zinaungua kabla wenzake hawajaiva. Kama hizo ndizo pekee unazopata, zitie mwishoni pamoja na matunda. Na usinunue nzima. Omba za vipande. Zile nzima nyeupe bei yake ni ya kupamba sahani ya mgeni, wakati hapa utazikatakata mwenyewe. Kubangua nyumbani sikushauri hata kidogo: ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, na moshi wake unawasha macho na kifua. Waachie wenye vifaa.

Karanga ndizo ninazozichambua kwa macho mawili, na naomba nawe ufanye hivyo. Karanga ni miongoni mwa mazao yanayoshambuliwa na kuvu anayetoa sumukuvu, sawa na mahindi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kukaanga hakuimalizi. Kwa hiyo usalama wako unaanzia sokoni na kwenye ungo. Nunua kwa muuzaji ambaye gunia lake linaisha haraka, mahali pakavu. Vunja moja, inuse, itafune. Ukifika nyumbani zimwage kwenye ungo mchana, mwanga ukiwa mwingi, uondoe kila iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyopasuka na kuingia vumbi, yenye ukungu. Usiseme "hii kidogo tu". Itupe, wala usiwape kuku. Kuchambua si kinga kamili, lakini karanga mbaya nyingi huonekana. Nikikuta mbovu nyingi kwenye kilo moja, kilo yote naiacha na muuzaji huyo simrudii.

Zilizobaki nazikaanga nusu, nazisugua kwa viganja ili maganda yatoke, kisha nazipeta. Naziparaza kidogo kwenye kinu, mapigo matatu manne, ili nyingine zibaki nusu na nyingine ziwe chenga. Zile chenga ndizo zinazosaidia kushikanisha.

Kwa trei moja kubwa natumia korosho za vipande vikombe 2, karanga kikombe 1, mbegu za maboga zilizomenywa kikombe 1, machicha makavu kikombe 1 na nusu, ufuta robo kikombe. Mdalasini wa unga kijiko kimoja cha chai, iliki nusu kijiko, chumvi nusu kijiko. Tanga hatuna sababu ya kutumia iliki ya pakiti iliyokwisha harufu. Ya milima ya Amani inashuka mpaka sokoni, itwange mwenyewe. Na chumvi usiiache, bila chumvi utaona utamu umepooza na utaongeza asali bure.

Kwenye sufuria ndogo pasha mafuta ya nazi vijiko 4 vya chakula na asali vijiko 4, mpaka viwe vyepesi tu, visichemke. Mimina juu ya vitu vikavu, changanya kwa mkono. Kisha chukua ute wa yai moja, upige mpaka utoe povu, uuchanganye humo. Ute huu ndio siri ya mabonge. Unakauka na kushika vitu pamoja, nami kwa sababu yake nimeweza kupunguza asali, jambo ambalo kwa mama lilikuwa na maana kubwa.

Oveni iwe nyuzi 150, si zaidi. Tandaza juu ya karatasi ya kuokea, ukandamize kwa mgongo wa kijiko mpaka iwe tambarare kama kashata kabla ya kukatwa. Baada ya dakika 15 geuza kingo ziingie katikati, maana kingo huwahi kuiva, kisha kandamiza tena. Acha dakika 10 hadi 15 nyingine. Hapa ndipo wengi wanapopotea, nami nilipotea: granola ikiwa ya moto ni laini. Utaionja, utasema haijaiva, utairudisha, na utakapoitoa imeungua. Angalia rangi na fuata pua. Ikiwa ya dhahabu na nyumba nzima inanukia korosho, toa. Ugumu unakuja ikipoa, kama kashata, ambayo kila mtoto wa pwani anajua hailiwi ikiwa bado sufuriani. Na ukishaitoa usiiguse. Ukikoroga wakati wa moto unavunja mabonge yasishikane tena. Mimi naondoka kabisa jikoni kwa saa nzima.

Asiye na oveni asikate tamaa. Sufuria pana yenye mfuniko bapa, makaa machache chini na mengi juu, vilevile tunavyopalia mkate wa kumimina. Fanya kidogo kidogo, vikombe viwili kwa mara moja, na fungua kila baada ya dakika tano. Nimeipika hivyo umeme ulipokatika na ikatoka vizuri, ina kaharufu ka moshi ninakokapenda.

Matunda hayaingii motoni. Narudia, hayaingii. Zabibu kavu ndani ya oveni zinavimba, zinaungua na kuwa vijiwe vichungu, na tende zinakuwa gundi ya kung'oa jino. Yote ni makavu tayari, yanataka nini tena na moto? Subiri granola ipoe kabisa ndiyo uchanganye.

Tende kata kwa urefu, moja moja, uangalie ndani. Wadudu hupenda kukaa karibu na kokwa na kwa nje huwezi kujua. Chagua zile kavu ngumu kidogo, zile laini zinazotoa asali ni za kula na kahawa. Zabibu kavu zitoe vikonyo. Embe nakausha mwenyewe msimu ukifika: dodo lililoiva lakini bado limeshikana, vipande vyembamba kama nusu sentimita, juani siku mbili tatu chini ya chandarua, usiku naingiza ndani. Limekauka pale ambapo kipande kinakunjika bila kunata, na ukikichana hakuna maji. Masika sijaribu. Hewa yenyewe imelowa, na embe linaota ukungu kabla ya kukauka.

Hilo la hewa ndilo lililonifundisha kuhifadhi. Trei yangu ya kwanza nzuri niliitia kwenye kopo ikiwa vuguvugu, nikafunga kwa furaha. Asubuhi mfuniko ulikuwa na matone ndani, granola imelegea, na kabla ya wiki kuisha nikaona utando mweupe. Nilimwaga yote, na siku hiyo iliniuma kwa sababu korosho si rahisi. Tangu hapo naipoza mpaka mkono usikie baridi, naifunga kwenye chupa kavu yenye mfuniko wa kubana, na matunda nayaweka chupa yake peke yake. Tende na embe, hata makavu namna gani, yana unyevu ambao korosho zitaunyonya taratibu. Tunachanganya kwenye bakuli wakati wa kula. Hivyo inakaa wiki mbili bila kupoteza mlio wake, na masika ikilegea nairudisha kwenye oveni dakika kumi kwa nyuzi 120, inaamka. Ikianza kunuka kama mafuta ya zamani, hapo hakuna cha kuamsha.

Wenye watoto mnisikilize. Njugu nzima si za mtoto wa chini ya miaka mitano, zinaweza kumkaba, msagie laini. Asali haipewi mtoto ambaye hajafikisha mwaka, hata kidogo, hata iliyopikwa. Na mgeni akija, muulize kwanza kama njugu zinamdhuru. Kuna ambao karanga moja inawafikisha hospitali.

Mama anakula yake na mtindi usiotiwa sukari, mara nyingine kavu na chai. Kipimo chake ni kikombe kidogo cha kahawa, kile cha udongo cha wauza kahawa wa barazani, na amekiweka ndani ya chupa yenyewe juu ya granola. Wajukuu wakija wanakikuta pale. "Kimoja tu, bibi yenu ndiyo anakula hicho hicho," anawaambia, nao wanajaza mpaka kinafurika.