Maji ya Nile: nani anagawa, nani anaarifiwa, nani analipa

Barua za safari hii zinahusu sheria za mto mmoja unaogusa nchi 11. Tumechagua zile zinazogusa maji ya bomba na mifuko ya serikali.

Swali (Shinyanga): Maji tunayokunywa yanatoka Ziwa Victoria. Jirani yangu anashikilia kwamba kuna mkataba wa kikoloni unaoipa Misri haki ya kutufungia bomba. Ni kweli, au ni maneno ya vijiweni?

Jibu: Mkataba upo. Ni barua ambazo Misri na Uingereza zilibadilishana tarehe 7 Mei 1929. Uingereza iliahidi kwamba, bila Misri kukubali kwanza, hapatafanywa kazi yoyote ya umwagiliaji au ya umeme kwenye Nile, matawi yake na maziwa yake, katika nchi zilizokuwa chini ya utawala wake, endapo kazi hiyo itapunguza maji yanayofika Misri, itabadilisha majira ya kufika kwake au itashusha kina chake. Tanganyika ilikuwemo, na wenyewe hawakuulizwa.

Mwaka 1962 serikali ya Mwalimu Nyerere ikaziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba Tanganyika haifungwi na ahadi hiyo, ila iko tayari kuzungumza. Hoja yake ni kwamba taifa jipya halirithi tu mikataba ya mkoloni. Lina haki ya kuipitia na kuamua ipi ibaki. Misri inashikilia kinyume chake: mkataba wa maji unaifuata ardhi hata mtawala akibadilika. Hakuna mahakama ya kimataifa iliyowahi kuamua kati ya pande hizi mbili.

Kwa hiyo hakuna wa kukufungia bomba kwa amri. Kwa maoni yetu, kilichobana nchi za juu, yaani zile ambako maji huanzia, miaka yote ni fedha kuliko barua za 1929. Nchi ya chini, ambako maji huishia, ikipinga, mkopeshaji husita, na mradi hukwama bila hakimu yeyote kusema neno. Mradi wenu, unaochota maji Ihelele, ulijengwa kwa fedha za serikali yenyewe, kwa hiyo hapakuwa na benki ya nje ya kutishika.

Swali (Mwanza): Nasikia Misri na Sudan zilishagawana Nile yote. Ziligawanaje, na sisi tumo wapi?

Jibu: Hamumo. Mkataba wa tarehe 8 Novemba 1959 ulichukua wastani wa maji yanayofika Aswan, kusini mwa Misri, kwa mwaka, meta za ujazo bilioni 84. Bilioni 10 zikahesabiwa kuwa zitapotea, hasa kwa mvuke, katika ziwa la Bwawa Kuu la Aswan. Bilioni 74 zilizobaki zikagawanywa: Misri 55.5, Sudan 18.5. Ethiopia, inayotoa takribani asilimia 85 ya maji yanayofika Aswan, haikuachiwa hata ndoo.

Watu wengi huishia kwenye tarakimu hizo, lakini vifungu vya fedha vina uzito wake. Misri ililipa Sudan pauni za Misri milioni 15 kwa ajili ya ardhi na makazi ya Wadi Halfa, kaskazini mwa Sudan, yaliyozama kwa bwawa hilo. Miradi ya kuokoa maji yanayopotea kwenye vinamasi vya Sudan ya kusini ilipangiwa gharama nusu kwa nusu na faida nusu kwa nusu. Misri ikihitaji maji hayo mapema, ingetangulia kulipa, kisha Sudan ingerudisha sehemu yake itakapoanza kuyatumia. Mfereji wa Jonglei ulianza kuchimbwa kwa mpango huo mwaka 1978. Vita vikaukatiza ukiwa umefika kama kilometa 260 kati ya 360, na hadi leo haujakamilika.

Kipo pia kifungu kinachowahusu ninyi: nchi nyingine ikidai fungu, Misri na Sudan zitalijadili kwa sauti moja, na kiasi kitakachokubaliwa kitakatwa sawasawa kwenye mafungu yao. Yaani waliogawana walijua kwamba wengine watakuja.

Swali (Nairobi): Mkataba mpya wa nchi za bonde la Nile unatupa kiasi gani?

Jibu: Hautaji hata lita moja. Ulifunguliwa kwa saini Entebbe tarehe 14 Mei 2010 na kuanza kazi tarehe 13 Oktoba 2024, siku ya 60 baada ya hati ya sita ya kuridhia kuwasilishwa. Walioridhia ni Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini. Kenya ilikuwa imesaini bila kuridhia. Misri na Sudan hazikusaini, hivyo hauzifungi.

Badala ya mafungu, una kanuni: kila nchi itumie maji kwa usawa na kwa kiasi, isilete madhara makubwa kwa jirani, na itoe taarifa za miradi yake. Uliozua mgogoro ni mstari mmoja, kifungu cha 14(b). Nchi nyingi zilikubali maneno ya kutoathiri kwa kiasi kikubwa "usalama wa maji" wa nchi nyingine. Misri ilitaka yaongezwe matumizi na haki zilizopo, ambayo maana yake ni zile bilioni 55.5. Mstari huo uliwekwa kwenye kiambatisho ili Kamisheni ya Bonde, chombo cha kuundwa chini ya mkataba huo, iutatue ndani ya miezi sita baada ya kuundwa.

Swali (Karagwe): Halmashauri yetu inaandaa mradi wa kusukuma maji kutoka Mto Kagera. Tuanzie wapi ili tusikwame kwa sababu ya mto kuvuka mipaka?

Jibu: Nyumbani kwanza. Ombeni kibali cha kutumia maji kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, chini ya sheria ya rasilimali za maji ya 2009, na cheti cha tathmini ya mazingira. Hayo ni ya lazima, fedha zitoke popote.

Kama mkopo ni wa Benki ya Dunia, kuna hatua ya ziada: nchi nyingine za bonde ziarifiwe rasmi. Anayearifu ni serikali kupitia wizara, siyo halmashauri. Serikali isipotaka, benki inaweza kuarifu yenyewe. Serikali ikikataa hata hilo, benki huacha mradi. Majirani hupewa muda usiozidi miezi sita kwa kawaida. Wakipinga, benki inaweza kuita wataalamu huru, kisha inaamua. Jirani hana kura ya turufu. Ukarabati wa mtambo wa zamani usiobadilisha wingi wala ubora wa maji unaweza kusamehewa taarifa.

Panapoharibika ni kwenye namba. Taarifa inayosema tu "mradi wa maji safi" inazaa maswali na miezi inayoyoma. Andikeni kiasi cha juu kwa siku, jumla ya mwaka, uchotaji wakati wa kiangazi, na maji yatakayorudi mtoni baada ya kusafishwa. Badilisheni vipimo kwa uangalifu: lita 1,000 kwa sekunde ni kama meta za ujazo milioni 31.5 kwa mwaka. Mradi wa meta za ujazo 80,000 kwa siku hutumia milioni 29.2 kwa mwaka, sehemu moja kati ya 1,900 ya kile ambacho Misri inakihesabu kuwa chake. Wekeni hesabu hiyo ukurasa wa kwanza. Na msichanganye maji ya kunywa na umwagiliaji katika ombi moja: shamba ndilo linalotisha nchi za chini, kwa sababu maji yake mengi hupanda kuwa mvuke.

Swali (Ngara): Umeme wa Rusumo ni wa nchi tatu. Deni ni la nani?

Jibu: La kila mmoja kwa sehemu yake. Burundi, Rwanda na Tanzania zinamiliki sawasawa kampuni ya mtambo huo wa megawati 80 kwenye Mto Kagera, na umeme unagawanywa kwa tatu. Fedha za Benki ya Dunia, dola milioni 340, ziliingia kwa mafungu matatu ya takribani milioni 113.3. Nchi yoyote ikitetereka, wenzake hawaandikiwi deni lake, ila kampuni moja hubaki na uendeshaji. Mtambo wenyewe hauzuii ziwa kubwa. Mpango wa awali ulikuwa wa bwawa la juu zaidi, ukapunguzwa ili mashamba na makazi mengi yasizame.

Ethiopia ilichukua njia nyingine kwa Bwawa la Renaissance, la umeme kwenye Nile ya Bluu, lililozinduliwa Septemba 2025. Iliuza hatifungani kwa raia wake na kutumia fedha za ndani, ikawa haihitaji ridhaa ya mkopeshaji. Gharama ya uhuru huo waliibeba wananchi peke yao, na ujenzi ulichukua miaka 14.