Senta wa tatu: tazama mkono kwanza

Swali la wiki lilikuwa: timu ya hoki ya barafuni yenye upungufu wa masenta (washambuliaji wa kati) imsajili nani kabla dirisha halijafungwa? Kabla ya kutaja jina lolote, mimi ningeuliza anashika fimbo upande gani.

Chukua Toronto Maple Leafs wa ligi ya NHL, Machi 2025. Auston Matthews, John Tavares, Max Domi, Pontus Holmberg na David Kämpf, wote ni wa kushoto. Siku ya mwisho, tarehe 7, wakamleta Scott Laughton kutoka Philadelphia. Naye wa kushoto.

Mchezo huanza kwa masenta wawili kugombea paki (kile kisahani kinachochezewa) ndani ya duara, na senta huivuta vizuri zaidi kwenye duara la upande wake. Tangu msimu wa 2019-20, timu ikiitupa paki kutoka nusu yake hadi nyuma ya goli la wapinzani, wapinzani hao ndio wanaochagua duara la kuanzia, na waliotupa, kama ilivyokuwa tayari kabla ya hapo, hawaruhusiwi kubadilisha wachezaji. Kwa hiyo kocha anayecheza dhidi ya timu yenye masenta wa kushoto pekee atachagua kila mara duara lililo kulia kwa timu hiyo, na atakayemkuta pale amechoka na yuko upande asioupenda. Isitoshe, senta akiondolewa duarani kwa kuwahi, mwenzake ndiye anayeingia, na huyo naye akikosea timu inapewa adhabu ya dakika 2. Dakika za mwisho unataka watu wawili kwenye safu moja (washambuliaji watatu wanaoingia pamoja; timu huwa na safu nne, ya kwanza ikiwa bora), mmoja wa kila mkono.

Hata hivyo, msilipe fedha nyingi kwa asilimia za duarani peke yake. Senta anayegombea paki mara 10 kwa mechi, akitoka asilimia 50 hadi 55, amekuongezea nusu ya paki. Kinachostahili bei ni dakika 14 au 15 za kukabiliana na safu ya pili ya wapinzani, hasa ugenini, kwa sababu kocha mwenyeji ndiye wa mwisho kubadilisha wachezaji na atamtafuta senta wako dhaifu.

Hapo ndipo hesabu ya Laughton inaponisumbua. Mshahara ulipangwa vizuri: Philadelphia walibeba nusu ya dola milioni 3, akahesabiwa milioni 1.5 tu kwenye kikomo cha mishahara cha timu, na mkataba ulikuwa na msimu mmoja zaidi. Lakini Toronto walitoa chipukizi Nikita Grebenkin pamoja na haki ya kuchagua mchezaji kijana katika raundi ya kwanza ya 2027, yenye masharti, kisha kwenye mtoano Laughton akacheza zaidi safu ya nne na Steven Lorentz na Calle Järnkrok. Siku ileile walimpeleka Boston senta kijana, Fraser Minten, katika biashara ya beki Brandon Carlo. Unanunua senta mlango wa mbele, unatoa senta mlango wa nyuma!

Florida walimpata Nico Sturm, senta hodari wa duarani kwa safu ya nne, kwa haki ya raundi ya nne. Safu ya tatu tayari walikuwa na Anton Lundell, basi wakamwekea winga, Brad Marchand. Timu hizo mbili zilipokutana kwenye mtoano, Toronto waliongoza mfululizo 2-0. Mechi ya tatu Marchand akaimaliza katika muda wa nyongeza, na Florida wakashinda kwa mechi saba, kisha wakatwaa Kombe la Stanley.

Mtu wa kumfuata Machi ile alikuwa Charlie Coyle: wa kulia, mzoefu wa safu ya tatu, na Boston walimuuza siku hiyohiyo kwa Colorado. Mshahara wake ulikuwa dola milioni 5.25. Sheria inaruhusu muuzaji kubeba hadi nusu, hivyo angehesabiwa milioni 2.625, karibu sawa na milioni 2.4 za Kämpf, ambaye angeondoka ili kupisha nafasi. Boston wasingekubali, ningemchukua senta wa raundi ya nne kama Sturm, nikambakiza Minten, na ile raundi ya kwanza nikaitumia kwa winga.