Shangazi, mume wangu kamtukana babu wa jirani, nifanyeje aombe radhi?

Barua ya leo, nimeifupisha:

"Shikamoo Shangazi. Naishi Kijenge, nina watoto wawili. Mume wangu ni dereva wa malori, Dar kwenda Kigali, nyumbani anakaa siku tatu nne kwa mwezi. Jirani yetu ni babu mmoja mpole sana anaishi peke yake, ni mtu wa msaada, tuisheni ya kijana wangu anailipa yeye na hata mtaji wa saluni laki nne alinipa yeye. Kijana ana miaka 16 yupo fomu tuu, kila jioni yuko kwa babu mpaka saa tatu usiku. Babu anamsimulia mambo ya Rwanda ya 1994, anasema alikuwa anasimamia kizuizi cha barabarani, na kijana anaandika kwenye daftari. Majuzi akamwita mdogo wake wa kike mende nikamkanya. Mume wangu aliporudi akalisoma daftari, akalichoma, akampiga mtoto, akaenda kumtukana babu getini mtaa mzima ukasikia. Nimeaibika. Nifanyeje akaombe radhi? Mama D."

Marahaba mwanangu. Pole kwa aibu ya getini. Pole yenyewe imeishia hapo.

Barua yako ilikuwa kurasa mbili, na karibu yote ni mumeo, anafoka, haongei, akirudi safari analala tu. Mende umempa mstari mmoja. Mimi kwenye barua za watu huwa naangalia kile kilichopitishwa mbio mbio, maana ndo kilichomfanya mtu ashike kalamu.

Hivi hilo neno unajua limetoka wapi? Inyenzi kwa Kinyarwanda ni mende, na redio ya RTLM ya huko Rwanda iliwaita watu wa kabila la Watutsi hivyo hivyo kila siku mpaka mtu akaona kumuua jirani yake ni kama kupuliza dawa jikoni. Kuanzia Aprili 7, 1994, siku kama 100, wanakadiria watu 800,000 na zaidi waliuawa. Sasa mwanao hakulitoa kwenye kitabu cha shule, kalitoa kibarazani kwa babu akaja kulijaribu kwa mdogo wake, na wewe umemkanya kama vile kasema "mjinga". Huyo binti umemuuliza anajisikiaje? Barua nzima hata darasa analosoma hukulitaja.

Njoo kwa mumeo. Huyo mkali wako anavuka daraja la Rusumo, mpakani mwetu na Rwanda, kila safari. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wanaokaribia 250,000 walivuka pale kuja Ngara ndani ya siku moja hivi, na mto Kagera ulikuwa unashusha maiti mpaka Ziwa Victoria. (Na sio kila aliyevuka alikuwa muuaji, wengi walikuwa wanakimbia tu roho zao, msije mkaanza kuwanyooshea vidole Wanyarwanda wa mtaani kwenu kwa sababu ya barua hii.) Mumeo analala Kigali, anakula na watu ambao ndugu zao waliisha wote, halafu anarudi kwake anakuta habari hiyo hiyo kwa mwandiko wa mwanae mwenyewe. Ulitaka apige hodi kwanza?

Makosa anayo mawili. Kampiga mtoto, hilo halikubaliki na halikusaidia kitu. La pili kachoma daftari, na lile daftari ndo lilikuwa la kupeleka polisi jamani! Ila kuomba radhi, haombi. Asiombe.

Sasa laki nne. Umeiweka katikati ya sentensi kama chumvi kidogo tu, eti mtu wa msaada. Mkono mtupu haulambwi, mama, na mzee anayeishi na siri anajua sana kuupaka asali mkono wake. Mtoto alishakwambia babu alisimamia kizuizi, kwenye kizuizi 1994 watu walikuwa hawauzi mahindi, walikuwa wanakagua kitambulisho kimeandikwa kabila gani na aliyekutwa Mtutsi anauawa hapo hapo. Ulisikia, na mwisho wa mwezi ukapokea ya tuisheni. Inawezekana mzee anaongopa, wapo wanaojipaka damu isiyo yao ili waogopwe, hilo wataamua wanaochunguza. Ila wewe ulishaamua kutokujua.

Na sisi wa Arusha ndo kabisa hatuna kisingizio. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda imekaa hapa kwetu, kwenye jengo la mikutano la AICC, mpaka ilipofungwa 2015, tukachangamkia kodi za nyumba za dola, basi. Mi niliingia mara moja kwenye viti vya watazamaji, kioo mbele, hedifoni masikioni, shahidi yuko nyuma ya pazia na badala ya jina anaitwa kwa herufi. Uso wake sikuuona, ila alipokuwa ananyamaza kutafuta neno hakuna aliyekohoa. Jean-Paul Akayesu, aliyetiwa hatiani wa kwanza pale, Septemba 2, 1998, alikuwa mwalimu kabla ya kuwa meya wa Taba. Mwalimu! Kwa hiyo habari za "mpole sana" usiniletee. Mahakama ile ilishtaki watu 93 tu, wale wakubwa, wa vizuizini waliachiwa gacaca, mahakama za kijamii za huko kwao, kesi karibu milioni 2 mpaka 2012, na wapo waliojificha wasifike popote. Fulgence Kayishema, mtuhumiwa wa mauaji hayo, alikamatwa Mei 2023 Paarl, Afrika Kusini, alikuwa anaishi kwa jina lingine.

Mtoto kutaka kujua sio dhambi, chalii wa miaka 16 anavutwa na mambo ya kutisha na baba hayupo, mama yuko saluni, mtu pekee aliyempa masaa manne kila jioni ndo huyo. Na mzee naye kapata msikilizaji asiyelia. Hapo ndo pabaya, habari ya mauaji amesikia ya aliyeshika panga tu.

Nyie wanawake wa siku hizi mume akiwa safarini mnamgeuza namba ya simu, akituma hela ni mume, akikataza jambo anakuwa "mkali, hatuelewi sisi". Mtoto akiona baba anadharauliwa anatafuta mwanaume mwingine wa kumsikiliza, na wako hakwenda mbali, karuka ukuta tu.

Kwa hiyo kuanzia leo kijana haendi kule. Mpigie mumeo, mwambie alikuwa sahihi, mtakwenda wote polisi kwenye dawati la jinsia na watoto mkaeleze yote, mtoto akiwepo, na kama unaogopa kuanzia hapo piga 116, ni namba ya watoto. Likizo baba yake ampeleke Kigali, Gisozi, kwenye kumbukumbu ya mauaji hayo, wamezikwa zaidi ya 250,000, asome majina.

Na ile laki nne irudishe, hata kwa awamu, kupitia kwa mwenyekiti wa mtaa mkiandikishana. Usimtume mtoto kuipeleka.